Kibano cha Mzee Singano

Jiwe halijui hofu. Methali hii ilianza hivi, wajukuu zangu, na kwa kuwa mmeniuliza kwa nini nilimwambia hivyo fundi wa daraja mbele za watu, kaeni mnisikilize mpaka mwisho. Si hadithi ya kucheka.

Zamani watu wa milimani kwetu walirina asali kwenye genge refu, mahali nyuki walipojenga ndani ya nyufa za mwamba. Mrinaji alishuka kwa kamba iliyofungwa kwenye mti juu ya genge, na ikikatika hiyo, basi. Mdogo wa Mzee Singano alifia pale. Singano alikuwa seremala, na siku ya mazishi aliapa kwamba mwanawe Hoza, ambaye naye alikuwa mrinaji, hatakufa kifo hicho.

Akachonga kibano cha mti mgumu chenye meno ndani. Kilivishwa kamba ya pili iliyoning'inia kando ya ile ya kushukia, na ugwe mfupi ukakiunganisha na mkanda wa mrinaji. Mtu akikikamata kwa kiganja, meno yalifunguka, akakishusha pamoja naye. Akikiachia, meno yaliiuma kamba na hakuna aliyeweza kuyabandua kwa kuvuta.

Singano hakuwa mtu wa kubahatisha. Aliweka ubao juu ya gogo, akamkalisha Hoza upande mmoja na upande wa pili akatafuta jiwe la kulingana naye, watu wakicheka kwamba Hoza amepata pacha. Jiwe lile akalifunga kwenye kibano na kulidondosha. Alilidondosha kamba ikiwa kavu, akalidondosha ikiwa imenyeshewa, akaipaka kamba asali na nta akalidondosha tena. Kila mara kibano kiliuma.

Mkewe, Mama Hoza, alimuuliza kama ana hakika.

"Jiwe limechoka, Mama Hoza," alijibu. "Mimi sijachoka."

Mama akacheka, akamfungia mwanawe magimbi ya kula njiani. Ndicho chakula cha mwisho alichompa.

Siku hiyo kamba ya kushukia ilikatwa na ncha ya mwamba. Waliokuwa juu waliona kamba ya pili ikikazana kidogo, kisha ikalegea. Walipozunguka hadi chini walimkuta Hoza amekwisha kufa, na kibano kiko mkononi mwake, kimeshuka naye kamba nzima. Iliwabidi wamfungue vidole kimoja kimoja.

Maneno ya watu mnayajua. Walisema Singano alitumia mti mbovu, walisema kiburi kimemponza. Yeye hakubishana na mtu. Matanga yalipokwisha alichukua kibano kilekile, kamba ileile na jiwe lilelile, akalidondosha. Kibano kikauma. Akarudia, kikauma. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, kwa sababu kama kingeteleza angalau angejua alikosea wapi.

Mdoe, rafiki wa Hoza aliyekuwa akirina naye, akamwomba amfunge yeye badala ya jiwe. Singano alikataa katakata. Hakutaka kuzika mtoto wa mwenzake. Mama Hoza, ambaye tangu msiba alikuwa hasemi na mtu, akasema, "Mfunge. Nataka kujua mwanangu alikufa kwa nini."

Wakachagua mti mfupi, wakarundika majani chini yake. Mdoe akavalishwa mkanda, akaning'inia, akaomba wamkatie kamba ya kushukia bila kumwambia ni lini. Walipoikata alianguka mpaka kwenye majani bila kusimama popote. Kiganja chake kilikuwa kimekikaba kibano.

"Mbona umekishika?" Singano aliuliza. "Ulijua hupaswi kukishika."

"Nilijua, mzee. Lakini mkono haukuniuliza."

Singano akakaa chini palepale kwenye majani, na mkewe akaja kusimama mbele yake.

"Si uliniambia jiwe limechoka?"

"Jiwe halijui hofu, Mama Hoza," alisema. "Nilipima uzito wa mwanangu, hofu yake sikuipima. Nilimwambia kitu hiki kitamshika, naye alipoanguka akakishika."

Mama Hoza hakumlaumu. Alikaa karibu naye, wakalia pamoja mpaka watu wakaondoka mmoja mmoja kwa haya.

Baadaye Singano alichonga kibano kingine kinachokaa mgongoni, kati ya mabega, mahali mkono wa mtu haufiki; kiliteleza mtu akishuka taratibu, na kuuma akianguka ghafla. Alikijaribu yeye mwenyewe kwa mwili wake, mzee mzima, akianguka kwenye majani kila asubuhi. Hakuna mrinaji aliyefia tena kwenye genge lile. Walimletea asali kwa shukrani, akaipokea kwa adabu na kuwagawia majirani. Yeye na mkewe hawakuionja tena maishani mwao.

Sasa, fundi wetu anasema daraja ni imara kwa kuwa alilipakia magunia ya mahindi na halikuyumba. Sawa, lakini magunia hukaa pale yalipowekwa. Siku mto utakapofurika na kunguruma, nyinyi mtakuwa katikati, na mtakimbia wote kwa pamoja kushika kamba ya upande mmoja. Nilimwambia mbele za watu, na kesho nitakwenda kumwambia tena: jiwe halijui hofu.