Medali ya Leokadia na Udongo wa Mama Shija

Paukwa!
— Pakawa!
Udongo?
— Hausahau mkono!

Basi tegeni masikio. Hapo zamani za kale, siku ambazo katekista alipita vijijini mara mbili tu kwa mwaka, palikuwa na kijiji cha wafinyanzi. Hapo aliolewa Leokadia, msichana wa mbali. Alikuja na kisanduku kimoja, na shingoni medali ya shaba, nyeusi kwa uzee. Alivikwa na bibi yake aliyemlea. Bibi akafariki kabla ya kumweleza alama zake.

Mumewe, Shija, alikuwa safarini kuuza mitungi. Leokadia akabaki na mavyaa yake, Mama Shija.

Kila asubuhi alisema, "Mama, nikusaidie kukanda udongo."

Kila asubuhi Mama Shija alijibu, "Udongo wetu haukujui. Kateke maji."

Akateka maji.

Siku ya kuchoma ikafika. Moto ukashika. Paa! Chungu kikapasuka. Paa! Cha pili. Paa, paa, paa! Viliingia vyungu kumi na vinne, vikatoka vizima vitatu. Mwezi uliofuata, paa, paa, paa! Vikatoka viwili.

Leokadia akainama kuzoa vigae. Medali ikaning'inia. Mama Shija akaidaka.

"Hiki nini?"

"Medali ya bibi yangu, mama."

"Na nyoka huyu anafanya nini humu?"

"Sijui, mama."

"Na moyo huu uliochomwa kisu?"

"Sijui, mama. Sikuambiwa."

Majirani wakasogea. Mmoja akasema, "Afugaye nyoka kifuani, sumu ataimwaga wapi kama si chunguni?" Wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa cha hofu.

"Kesho unarudi kwenu," akasema Mama Shija.

Kwao? Kwao kulikuwa ni bibi, na bibi alikuwa kaburini. Leokadia akaendelea kuzoa vigae, maana hakujua mikono aiweke wapi.

Akaitwa Bibi Kalunde aliyewafundisha wote kufinyanga, aje aseme kama ni uchawi. Akaigeuza medali, akaipangusa kwa kidole.

"Masizi matupu. Mimi sisemi nisichokiona. Leteni udongo."

Mama Shija akaleta bonge la udongo wake. Bibi Kalunde akalibinya. Akalibinya tena. Akamtupia jicho Mama Shija. Kisha akalikandamiza kwa medali, upande huu, na upande ule. Alama zikabaki kwenye udongo, wazi kama nyayo topeni.

"Njooni muone. Nyoka yupo, sikatai. Lakini yuko wapi? Mkononi?"

"Chini ya mguu," wakasema.

"Wa nani?"

"Wa mwanamke."

"Basi. Nyoka aliyekanyagwa hafugwi. Nilipokuwa msichana niliwauzia masista mitungi. Mlangoni pao ilisimama sanamu ya mama huyu huyu, mikono imefunguliwa, miale ikimwagika. Nikauliza, nikaambiwa: ni Mama Maria. Herufi hii, M, ni ya jina lake, na juu yake msalaba wa mwanawe. Moyo huu wenye miiba, ni wa nani?"

"Wa Yesu," akasema jirani yule, sasa kwa sauti ndogo.

"Na huu wenye upanga ni wa mama yake. Mzee mmoja hekaluni alimwambia: upanga utaingia moyoni mwako." Akamgeukia Mama Shija. "Mwanangu, wewe umezika watoto watatu. Upanga huu huujui?"

Mama Shija akakaa chini.

"Na nyota hizi, bibi?" akauliza Leokadia.

"Kumi na mbili. Masista wengine walisema mitume, wengine makabila ya Israeli. Walikuwa bado wanabishana nilipobeba mitungi yangu nikaenda zangu."

Watu wakacheka, safari hii kweli. Hapo Bibi Kalunde akainama sikioni mwa Mama Shija. Leokadia peke yake, aliyekuwa karibu, ndiye aliyesikia.

"Bega linakuuma tangu lini?"

"Tangu masika."

"Udongo wako una vibonge na hewa. Haukukandwa ukaiva."

"Ningesema, wangeniambia nimekwisha."

Bibi Kalunde akainuka. "Medali haina neno," akawaambia watu. "Nendeni mkapike." La bega hakulisema. Hakulisema hata siku ya kufa kwake.

Asubuhi iliyofuata Leokadia alichukua mtungi kwenda mtoni.

"Uweke huo," akasema Mama Shija. "Njoo ukande."

Pu! Pu! Pu! Akakanda mpaka udongo ukawa laini kama ulimi. Mama Shija akafinyanga. Viliingia vyungu kumi na vinne, vikatoka kumi na vitatu.

"Hicho kimoja kilichopasuka ni cha upepo," akasema Mama Shija.

"Ndiyo, mama," akasema Leokadia.

Nanyi mlionisikiliza: alama usiyoijua, muulize anayeijua, na ufa wa chungu chako usiutafute shingoni mwa mgeni.

Hadithi yangu naianika hapa ikauke. Atakayeiona ina ufa, aikande upya.