Kikao cha Kulilia Wauguzi

"Anayelia uchache, ahesabu walioketi." Mmeisikia sokoni mkacheka, sasa mwataka kujua ilitoka wapi. Haikutoka kwenye kicheko. Ilianza hivi, na mnivumilie, maana kila nikiisimulia hasira hunipanda.

Hospitali yetu ya mlimani ilikuwa na wauguzi, si haba. Lakini mkuu wake, Dakta Shemboza, alipenda kukalisha watu. Muuguzi akimpendeza, humtoa wodini akampa ofisi: huyu ashike funguo za stoo, yule apokee wageni. Na kila Jumatatu asubuhi wote waitwe ukumbini, wodi ibaki na mmoja. Cha kuzungumza ni kilekile, kwamba wauguzi hawatoshi. Wendawazimu mtupu!

Jumatatu moja aliyeachwa wodi ya wazazi ni Nasra Shekilindi. Wakaja wajawazito wawili kwa pamoja. Wa kwanza alijifungua salama, kisha damu ikafunguka. Nasra akamkandamiza tumbo kwa mikono yote miwili, akijua akiachia tu, mama amekwenda. Kitanda cha pili, Zaituni akaanza kusukuma. Nasra akamtuma mfagiaji mbio ukumbini akaombe mtu mmoja.

Mtoto wa Zaituni akatoka, kitovu kimemzunguka shingo. Kukitegua ni kazi ndogo, lakini Nasra hakuwa na mkono wa kuazima. Zaituni alimwita, dada nisaidie, dada, naye akabaki kumtazama tu. Mfagiaji akarudi peke yake: kaambiwa kikao hakikatizwi, mkuu anaongea. Damu ilipokata, Nasra aliruka kitanda cha pili. Akapuliza, akasugua, akapuliza tena. Mtoto hakulia.

Akamlaza kifuani kwa mamaye, akamwacha mfagiaji awatazame, akaenda ukumbini na aproni ileile yenye damu. Alimkuta Dakta amesimama, anasema safari hii atamwandikia waziri.

"Wauguzi waliomo humu wasimame," Nasra akasema.

Hakuna aliyetikisika. Akarudia. Akainuka mmoja, na mwingine, hata vitini akabaki karani peke yake.

"Sista, jambo hili tutaliundia kamati," Dakta akasema.

"Zaituni alihitaji mtu mmoja, Dakta. Nenda kamwambie mlikuwa wachache."

Hakwenda. Waliokwenda ni wauguzi, wakamwacha na chai yake, na tangu siku ile hakuna aliyekubali kurudi ofisini. Ikabidi funguo za stoo apewe karani, vikao vihudhuriwe kwa zamu, na wodi ya wazazi isikae tena na mtu mmoja. Kumbe iliwezekana! Hakuajiriwa hata mtu. Ingewezekana wiki moja kabla, na hapo ndipo ninapotamani kumtandika mtu bakora.

Zaituni alirudi kwake mikono mitupu. Ndiyo maana hapa mlimani, mkubwa akisimama kulalamika kwamba hana watu, sisi humwangalia usoni tukamwambia bila kucheka: anayelia uchache, ahesabu walioketi.