Gurudumu la Behewa la Tatu

Hapo zamani, na msinitazame hivyo, si zamani ya majini, ni hii ya kompyuta, palikuwa na reli iliyopanda mlima kwa kona nyingi. Kila kona gurudumu hulika, kidogo kidogo, mpaka siku linaruka reli.

Hidaya, binti mhandisi, akaunda treni ndani ya kompyuta. Magurudumu yale yale, kona zile zile. Akaiendesha safari za mwaka mzima kwa mchana mmoja, aone gurudumu lipi litaisha kwanza. Mara ya kwanza akasema, "Simamisheni!" Treni ya kweli ikasimama mlimani, gurudumu likakutwa zima, abiria wakalala na njaa. Wee! Mji mzima ukamwita Mganga, eti anapiga ramli.

Hidaya akalia, akanawa uso, akaenda karakana kwa fundi Mnyampala. "Baba, vipimo nilikisia. Naomba unipimie." Mzee akapiga magoti kwenye kokoto, akapima gurudumu baada ya gurudumu, na macho yake yalishaanza kuingia ukungu.

Sasa sikilizeni. Mwalimu Chiku alipanda treni na wanafunzi wake, wanakwenda mashindano ya kwaya. Kompyuta ikaonyesha kwamba gurudumu la behewa la tatu, behewa la watoto, halitamaliza mteremko.

Wakubwa wa reli wakacheka. "Mganga tena? Treni iendelee."

Hidaya akampigia dereva, Ngulume. "Kaka, nakuomba." Ngulume akautazama mteremko, akafunga breki. Mashindano yakawapita, watoto wakalia hadi wakapaliwa.

Gurudumu lilipotolewa, ukingo wake ulikuwa mwembamba kama kisu. Lingeruka? Hakuna ajuaye, maana halikuruka. Wakubwa waliona aibu, lakini amri ni amri, wakamshusha Ngulume kwenye injini, wakampa kazi ya kufungua geti la barabarani.

Mwalimu Chiku akaliomba lile gurudumu. "Lilitaka kunichukulia wanangu. Sasa litawaita darasani." Likatundikwa shuleni, na ikakubaliwa kwamba kengele itabeba jina la atakayeigonga kwanza.

Hidaya akasema, "Mwalimu, mimi niliiona hatari kabla haijafika. Na sokoni bado naitwa Mganga. Nimechoka. Nipeni jina jingine."

Mnyampala akasema, "Bila magoti yangu kompyuta ingeota tu. Macho yamekwisha, mwanangu. Hilo ndilo gurudumu la mwisho nililoliona vizuri. Niache nilisikie likiitwa kwa jina langu."

Ngulume naye akasema, "Wao walijua. Mimi sikujua kitu, niliamini tu, na injini yangu imekwenda. Nikiwa pale getini asubuhi, nikisikia jina langu likilia, siku itapita."

Watoto wamesimama mstarini. Mwalimu Chiku ameshika nyundo, hajampa mtu, kwa kuwa anawapenda wote watatu na nyundo ni moja.

Haya, wewe unayetikisa kichwa hapo, ungekuwa yeye, ungempa nani?