Sharti la Saba

Ukimfungia mgonjwa mlango, ugonjwa hupita dirishani.

Mmelisikia neno hilo leo matroni alipokuwa akigawa fomu za safari, na baadhi yenu mkacheka, maana ugonjwa hauna miguu ya kurukia dirisha. Basi sogeeni mwelezwe lilikotoka. Si neno la kale. Lilizaliwa hapa hapa Kasulu, katika Shule ya Sekondari Nyakageni, na aliyelitamka mara ya kwanza alikuwa mama wa watu, muuza mihogo, ambaye hakuwa na nia ya kutunga methali yoyote.

Shuleni hapo palikuwa na mwalimu wa Kifaransa, Dorothea Bitaliho. Wanafunzi walimwita Madam Doro. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amefundisha lugha ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kumsikia mtu akiihitaji. Walikariri mazungumzo ya kituo cha treni cha Paris, wao ambao treni yenyewe walikuwa hawajaipanda. Na Burundi ilikuwa pale, nyuma ya milima, mwendo wa asubuhi moja. Madam Doro alitamani jambo dogo tu: wanafunzi wake wasikie Kifaransa kikitoka kinywani mwa mtu anayenunua nyanya.

Akaanza kupanga safari ya siku sita, kwenda shule moja ya wasichana kwenye milima iliyo mbele ya Gitega. Miezi minane aliandika barua, akafuatilia vibali, akatafuta basi, akapanga nani alale na nani. Mkuu wa shule, Mwalimu Ruhwanya, hakumzuia. Alimwambia neno moja tu.

"Safari ni njema, Madam. Ila mtoto wa watu akiugulia ugenini, wa kuulizwa ni mimi. Weka sharti."

Madam Doro akaandika masharti saba kwenye fomu ya safari. La saba lilisema: Mwanafunzi mwenye maradhi ya kudumu hatasafiri. Alipomaliza kuliandika moyo wake ulitulia, kama wa mtu aliyekwisha kukaza komeo.

Katika kidato cha tatu alikuwamo msichana aitwaye Leonsia Ntakije. Hakuna aliyemfikia kwa Kifaransa. Alijifunza darasani, na jioni akajifunza tena kwa redio ya ng'ambo iliyokuwa ikikoroma jikoni kwa mama yake. Lakini Leonsia alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe hujipinda kama mundu, zikaziba njia, na mifupa ikauma kana kwamba inapasuliwa. Shuleni hawakujua. Kila alipokosa masomo mama yake, Skolastika, yule muuza mihogo, alituma ujumbe kwamba mtoto ana malaria. Aliogopa watu wangeanza kumtazama mwanawe kama maiti anayetembea, maana majirani wawili walikwisha kumwambia usoni kwamba mtoto wa namna ile hafiki miaka ishirini.

Fomu ilipofika nyumbani, Leonsia aliisoma, akaikunja, akaiweka mapajani mwa mama yake.

"Mama, nikikosa hii, sitapata nyingine."

Kesho yake Skolastika alikwenda shuleni na kanga yake ya Jumapili. Madam Doro alikuwa mezani, amezungukwa na picha za hati za kusafiria.

"Hodi, Madam."

"Karibu, mama. Karibu ukae."

Hakukaa. "Nina swali dogo. Hapa pa saba. Kwa mfano tu, mtoto ana ugonjwa wa kuzaliwa nao, lakini anameza dawa zake, anasoma vizuri. Huyo naye haendi?"

"Haendi, mama. Masharti ni masharti."

"Hata mzazi akikueleza namna ya kumtunza?"

"Nikimruhusu mmoja, kesho watakuja kumi." Kisha Madam Doro akainua macho. "Leonsia anaumwa?"

Skolastika alitazama zile picha mezani. Ya binti yake ilikuwamo, imeshikizwa pini tayari.

"Hapana. Wa kwangu ni mzima. Niliuliza tu."

Madam Doro aliuona mkono wa yule mama ukisokota pindo la kanga. Aliuona, na neno likamjia mdomoni, la kumwambia akae waongee kama wanawake wawili. Lakini simu ya mwenye basi ikaita, akaipokea, na alipogeuka kiti kilikuwa kitupu. Jioni fomu ikarudi. Penye kuuliza maradhi paliandikwa: Hana. Chini yake sahihi ya mzazi.

Vidonge Leonsia aliviacha nyumbani, kwa kuwa mabegi yangekaguliwa siku ya kuondoka.

Wakavuka mpaka wa Manyovu wakiimba. Siku ya pili, mbele ya shule nzima ya wenyeji, Leonsia alisimama kutoa shukrani bila karatasi. Aliongea, akatania, wenyeji wakacheka pale alipotaka wacheke. Madam Doro alilia kwa furaha.

Siku ya tatu walipanda mlima, mvua ya baridi ikawanyeshea wakarudi wamelowa chapachapa. Usiku ule Leonsia aliuma blanketi asisikike akilia. Asubuhi alipoulizwa alisema amechoka tu. Kufikia siku ya nne, kila pumzi ilimchoma kifuani, wakambeba hadi kituo cha afya cha karibu.

Mganga alimpima joto, akauliza kwa Kifaransa kama binti huyu ana ugonjwa wowote wa siku nyingi. Madam Doro alifungua jalada. Akajibu kwa Kifaransa kilichonyooka, kile alichokifundisha miaka kumi na mmoja: hapana, hana ugonjwa wowote, na karatasi ya mzazi hii hapa.

Leonsia alikuwa kitandani, macho wazi. Alielewa kila neno. Alimtazama mwalimu wake kwa muda, kisha akafumba macho.

Mganga akatibu homa, kwa kadiri alivyoambiwa. Saa zikapita. Adhuhuri Madam Doro alikwenda kuchota maji ya kumpangusa, na alipokuwa akirudi alisikia sauti ya Leonsia nyuma ya pazia, akimwambia mganga kwa Kifaransa kilichokatikakatika. Hakikuwa Kifaransa cha kitabu chochote.

"Bwana, damu yangu ina ugonjwa tangu nizaliwe. Tafadhali usimwambie Madam. Atanirudisha nyumbani."

Bakuli likamponyoka.

Mganga alipiga simu, gari likatafutwa, likapatikana. Walimkimbiza Gitega, kwenye hospitali yenye damu ya kuongezewa na hewa ya mitungi. Leonsia alikata roho njiani, kichwa kikiwa mapajani mwa Madam Doro, ambaye wakati wote huo alikuwa akimwambia kwa Kiha, lugha ya nyumbani, kwamba harudishwi, harudishwi popote.

Wanafunzi waliobaki walivuka mpaka kimya. Kwenye mazishi Madam Doro alisimama mbali, akingoja kutukanwa. Skolastika alimwendea mwenyewe.

"Nisamehe, mama," Madam Doro alisema. "Sikujua."

"Ungejuaje? Wewe ulimfungia mlango mgonjwa, mimi nikampitisha dirishani." Sauti yake haikupanda. "Tumemzika sote wawili, Madam. Usinipe lawama mimi peke yangu."

Madam Doro akapiga magoti penye udongo, na yule mama akapiga magoti naye. Waliokuwapo hawakusahau maneno yale. Waliyarudia sokoni, kanisani, penye foleni ya maji, yakipungua neno moja leo na kubadilika jingine kesho, mpaka yakawa hivi mnavyoyasikia.

Kwa miaka sita shule haikupeleka mtu popote. Iliporuhusiwa tena, Madam Doro hakuandika sharti la saba. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akakaa jikoni kwa wazazi, akauliza mtoto anaumwa nini na asaidiwe vipi. Wengine walimwambia, wengine walimficha vilevile, kwa kuwa hofu ikishazoea nyumba haiondoki kwa siku moja. Kwa Skolastika alipita kila mara, ingawa hapakuwa tena na mtoto wa kuulizia.

Ndiyo maana matroni leo hakutaka fomu zijazwe kabla hajaongea na kila mmoja wenu peke yake. Nendeni basi, mkamwambie kweli. Ukimfungia mgonjwa mlango, ugonjwa hupita dirishani.