Wembe wa Bi Nyamizi

Ukisikia kucha, ulizia wembe. Ndivyo Mama Kashindye alivyowakata kauli asubuhi ya leo mlipokuwa mkimsengenya fundi cherehani kwa kuchelewesha sare zenu. Sasa mmenijia mimi kuniuliza kucha na cherehani vina undugu gani. Haya, kaeni, na wewe uliye mlangoni ingia ama utoke. Methali hii ilianza hivi, na ilianza hapa hapa Tabora, hata kama mtu wa Kigoma atakuapieni kwamba ni ya kwao.

Mtaa wa Isevya palikuwa na bendi ya muziki wa dansi iliyoitwa Kazamoyo Jazz. Kiongozi wake alikuwa Songoro Kapilima, mpiga gitaa la solo, mtu mwembamba, mtanashati, mdomo wake mkali kama pilipili kichaa. Wapiga solo wengine walitumia kipande cha plastiki kukwanyulia nyuzi. Kapilima alitumia kucha. Kucha za mkono wake wa kulia alizilea kama mtoto wa uzeeni: hakufua, hakubeba ndoo, hata chungwa alimenyewa. Mkewe alikuwa akiwaambia watu kwamba yeye ameolewa na kucha, mume kaja kama nyongeza.

Mpiga besi wake alikuwa Feruzi Makwaya. Huyu alikuwa mnene, mpole, wa maneno ya kuhesabika. Walikuwa marafiki tangu ujana, wamekula sahani moja miaka kumi na minane, na bendi yenyewe waliianzisha wawili wao, kwa gitaa moja la kuazima.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, maana asiyeelewa hapa hataelewa mbele. Besi si solo. Nyuzi za besi ni nene, nazo zinataka nyama ya ncha ya kidole, ile laini. Nyama ikiugusa uzi, sauti hutoka nzito na ya duara, na mcheza dansi huisikia kwenye nyayo kabla ya masikioni. Lakini kucha ikirefuka kidogo tu, ndiyo inayotangulia kuugusa uzi, na hapo utasikia kwa, kwa, kwa, kama kuku anadonoa bati. Tena kucha hunasa. Kidole kikinasa kinachelewa, na besi ikichelewa bendi nzima inapepesuka. Kwa hiyo Feruzi alikuwa na kucha fupi siku zote, zimekatwa mpaka usawa wa nyama, na watu waliipenda sauti yake bila hata kujua kwamba wanaipenda.

Basi mwaka ambao bendi ilikuwa inakaribia kutimiza miaka kumi, besi ikaanza kulia kucha.

Kwanza Kapilima alidhani ni spika. Akaipeleka kwa fundi redio, fundi akasema spika nzima. Akabadilisha nyuzi za besi, mambo yakawa yale yale. Wiki ya tatu ndipo alipoutazama mkono wa Feruzi, akaona kucha zimevuka ncha za vidole. Akamuuliza palepale mbele ya wenzake, hizo kucha za nini? Feruzi akatabasamu, akasema ataziangalia. Mazoezi yaliyofuata zilikuwa ndefu zaidi. Maskini, alijitahidi. Aliulaza mkono, akajaribu kupiga kwa ubavu wa kidole gumba, jasho likamtoka, lakini ile kwa kwa haikuondoka.

Mwenye wivu hakosi ushahidi, vijana. Jioni moja Kapilima aliwahi mazoezini akamkuta Feruzi amelipakata lile gitaa la solo, analifuta vumbi. Wewe na mimi tungesema Mungu ambariki. Kapilima akaunganisha moja na moja: kucha zinarefuka, solo limo mapajani. Kumbe huyu anautaka usolo! Miaka yote hii ya bendi amekaa nyuma kwenye besi, sasa amechoka, analea kucha zake kimyakimya ili siku ya sherehe ya miaka kumi anyanyuke mbele ya mji mzima.

Yaliyomuuma Kapilima si hayo ya solo. Kilichomuuma ni kwamba Feruzi hakumwambia. Alilala nalo hilo, akaamka nalo. Mwishowe akamwandikia barua mpiga besi mmoja wa Kigoma, na yule akajibu kwamba yuko tayari. Zilikuwa zimebaki wiki mbili na ushei kabla ya sherehe. Gitaa la besi lilikuwa mali ya bendi, lakini Feruzi alikuwa akilitunza nyumbani kwake. Kapilima akaona asimfukuze rafiki yake mbele ya watu. Atakwenda mwenyewe, siku ya Alhamisi alasiri, alichukue gitaa, na yaishe.

Alipiga hodi mlango wa mbele, kimya. Kwa kuwa nyumba ile alikuwa akiingia kama kwao, akazunguka hadi uani. Pale kwenye kona ya ua akasimama.

Bi Nyamizi, mke wa Feruzi, alikuwa ameketi kwenye kigoda. Huyu ndiye aliyekuwa msusi mkubwa wa mji wetu. Mabibi harusi waliwekeana zamu kwake, kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi, husikii anapovuta. Mwezi na nusu ulikuwa umepita hajamsuka mtu. Ilisemekana alikwenda kwa kaka yake Sikonge, akarudi, anapumzika. Feruzi alikuwa mkekani mbele yake, mkono wa kulia ameulaza juu ya goti la mkewe. Nyamizi ameshika nusu ya wembe, na mkono ulioushika ulikuwa unatetemeka. Vidole viwili vimejikunja, havifunguki. Wembe ulisogea kwenye kucha, ukapotea njia, ukasogea tena, ukapotea. Kidole kimoja cha Feruzi kilikuwa kimefungwa kitambaa, bila shaka ni jeraha la wiki iliyopita. Naye Feruzi hakuurudisha mkono nyuma. Wala hakuutazama wembe. Alikuwa akimtazama mkewe usoni, ungedhani ndio kwanza wamefunga ndoa.

Hatimaye Nyamizi akauweka wembe chini.

"Leo tena umegoma," akasema.

"Hazijawa ndefu bado, Mama Kulwa," Feruzi akamjibu. "Alhamisi ijayo tutaziona."

Kapilima alitamani ardhi impasukie. Akakohoa ili wasimwone kama mwizi. Nyamizi akauficha mkono haraka ndani ya khanga, akamkaribisha kwa uchangamfu wa kujilazimisha. Feruzi akainuka polepole, akamtoa rafiki yake hadi barazani.

Huko ndiko alikomweleza. Asubuhi moja Nyamizi aliamka mkono hauna nguvu. Ni kiharusi, cha mkono tu, Mungu alipunguza. Daktari alisema mkono unaweza kurudi kama utafanyishwa kazi, lakini si leo wala kesho. Nyamizi akamwapisha mumewe asimwambie mtu, maana msusi akishasemwa kwamba mkono umekufa, wateja watahamia kwingine wasirudi tena. Kuhusu kucha, ilikuwa kazi yake tangu siku ya saba ya harusi. Kila Alhamisi alizikata, akayafukia masalio mwenyewe nyuma ya jiko, yasiokotwe na mwenye nia mbaya. Hata Alhamisi aliyojifungua mapacha, alisema Feruzi, alimdai mkono.

"Lakini si ungezikata mwenyewe, bwana," Kapilima akasema. "Hata kwa kujificha."

"Nikizikata mwenyewe ataona. Na akiona atajua nimeukatia tamaa mkono wake. Ule mkono anaufanyisha mazoezi kutwa nzima kwa ajili ya Alhamisi, Songoro. Nikimwondolea Alhamisi, atabaki na nini?" Akaongeza, bila hasira hata chembe, "Kama umelifuata gitaa, liko chumbani. Nilijua utakuja."

"Kwa nini hukuniambia hata mimi?"

"Nilikwishaapishwa. Lakini na wewe, ndugu yangu, wiki zote hizi hukuniuliza nyumbani kwangu kukoje. Uliniuliza kucha."

Bi Nyamizi mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo, miaka mingi baadaye, maana ukutani kulikuwa na dirisha, naye alisikia kila neno. Anasema alikwishadhani mgeni ameondoka. Mara akamwona Kapilima anarudi uani peke yake, macho mekundu. Hakuomba ruhusa. Akakaa pale pale mkekani alipokuwa ameketi Feruzi, akakunja mkono wa shati, akaunyoosha mkono wake wa kulia, wenye kucha ambazo mji mzima ulikuwa ukizisikia kila Jumamosi.

"Shemeji," akasema, "huyu unaogopa kumkata, ndiyo maana mkono unakukimbia. Anza na hizi. Zangu ni ndefu, wembe una pa kukosea. Na ukinitoa damu, nimestahili."

Nyamizi akazitazama zile kucha, akamtazama na mwenyewe. Akajua anachopewa.

"Mkeo atasemaje?"

"Atashukuru Mungu. Kesho nitabeba ndoo."

Hapo Nyamizi akacheka, na Feruzi, aliyekuwa amesimama mlangoni, anasema hicho kilikuwa kicheko cha kwanza tangu ile asubuhi ya kiharusi. Kisha akauokota wembe. Feruzi akaja akamshika mkewe kiwiko kwa chini, mkono usichoke mapema. Kucha ya kwanza ilichukua muda wa maharage kuiva, ikatoka imepinda, nusu imekatwa na nusu imechanika. Ya pili ilitoka vibaya zaidi. Zikabaki tatu. Jua likawa limekwenda, Nyamizi akasema basi, mkono umechoka, akauliza kama shemeji atarudi Alhamisi.

Kapilima alirudi Alhamisi. Kabla ya hapo alikuwa ameshapeleka simu ya maandishi kwa yule mtu wa Kigoma kumwomba radhi, kwamba bendi ina mpiga besi wake.

Sasa ikafika Jumapili ya sherehe ya miaka kumi. Ukumbi ulijaa tangu saa nane mchana, watu wamepiga pasi mpaka soksi. Na nawaambieni ukweli, Kazamoyo haijawahi kupiga vibaya kama siku ile. Solo, bila kucha, lilikuwa kama mtu anayeimba na tonge mdomoni. Besi nayo, kwa, kwa, kwa. Watu walicheza kwa sababu walikuwa wamelipa kiingilio. Wakati wa mapumziko mpiga tumba, Sizya, kijana wa watu aliyekuwa na haki zote za kukasirika, akamfuata kiongozi nyuma ya jukwaa. Akasema hii ni bendi au karakana? Mpiga besi ana kucha, mpiga solo hana, mji mzima unatucheka, amfukuze Feruzi leo hii kabla hatujafa wote.

Kapilima yule wa zamani angemrarua. Wa siku ile alijifuta uso kwa kitambaa, akasema taratibu, "Sizya, ukisikia kucha, ulizia wembe."

Sizya hakuelewa, wala hakuelezwa, kwa kuwa siri haikuwa ya Kapilima. Lakini neno lilimkaa, akalipeleka nyumbani, mkewe akalipeleka kisimani, na kabla ya mvua za masika kunyesha mji wote ulikuwa ukilisema bila kujua lilikotoka.

Kwa miezi mitatu Kapilima alikwenda uani kule kila Alhamisi. Akikatwa alifunga kitambaa, hakusema. Bendi ilipoteza watu, ikapata wengine, na solo lake akalipiga kwa kile kipande cha plastiki alichokuwa akikidharau, huku akikitukana.

Ndipo ikaja Ijumaa moja, mazoezini. Walikuwa katikati ya wimbo, na ile kwa, kwa, ambayo masikio yalikuwa yameizoea mpaka hayaisikii tena. Mara katikati yake ikatoka noti moja nzito, ya duara, ikapita sakafuni hadi kwenye nyayo za kila mtu. Kwa, kwa, kisha tena ile moja, duum. Kidole kimoja tu kati ya vidole vya Feruzi kilikuwa kinaugusa uzi kwa nyama.

Kapilima akainua mkono, bendi ikanyamaza. Sizya akadhani leo ndiyo leo, mtu anafukuzwa. Lakini Kapilima hakuutazama ule mkono wa rafiki yake, wala hakusema neno juu ya sauti.

"Feruzi," akasema, "Mama Kulwa hajambo?"

Feruzi akaziachia nyuzi. Akakilaza kichwa juu ya shingo ya gitaa, mwanamume mzima, akalia mbele ya wenzake wote, huku anaitikia kwa kichwa kwamba ndiyo, hajambo, hajambo kabisa.

Hapo hata Sizya akaelewa. Ukisikia kucha, ulizia wembe.