Gogo Lililoomba Kubakiziwa

Sogeeni karibu, wanangu, maana kisa hiki kina meno.

Nyundo alipougua kifua, mkewe Mbodze alikwenda msituni kuchuma uyoga wa dawa, ule unaoota kwenye gogo lililooza. Desturi ni kubakiza fungu moja. Yeye akakuta mafungu matatu tu.

Akang'oa la kwanza. "Nibakizie," gogo likanong'ona.

Akang'oa la pili. "Nibakizie, mama."

Akang'oa na la tatu, akakimbia.

Nyundo akanywa mchuzi wa uyoga, kikohozi kikakata, akainuka kitandani. Mbodze akamkumbatia kwa furaha. Chini ya viganja vyake, mgongo wa mumewe ulikuwa gome tupu, lenye unyevu.

Nyundo akawatazama watoto wao watatu wakicheza mlangoni.

"Mama," akanong'ona kwa sauti ileile ya gogo, "safari hii utanibakizia yupi?"