Mfereji Uliofuata Sisimizi

Hapo zamani, na asiniulize mtu mwaka gani, huko milimani Upare kulikuwa na vitongoji viwili na chemchemi moja juu yake. Kiangazi kikawa kikali, maharage yakaanza kunyauka. Watu wakaitana msaragambo, kazi ya wote, wachimbe mfereji. Lakini nguvu hawana, njaa imewakaba! Mifereji miwili, kila kitongoji na wake? Hawataiweza. Mmoja upite kwa hawa ndipo uende kwa wale? Maharage yatakuwa yamekufa.

Sasa Nakijwa, mfinyanzi, alitupa ganda la ndizi huku uani na mfupa kule. Sisimizi wakatoka shimoni kwa njia moja, wakafika katikati wakaachana, hawa kwenye ganda, hawa kwenye mfupa. Akapima njia yao kwa uzi. Akapima na nyingine zote alizoziwaza. Hakuna iliyokuwa fupi kama ile! 

"Mungu wangu! Wadudu hawa, kichwa chenyewe hakionekani, nani kawafundisha?"

Akaita watu. Wakachuchumaa pale, watu wazima na ndevu zao, wakitazama sisimizi. Wakakubaliana: mfereji mmoja, uachane katikati.

Lo, hapo katikati pakawa ndani ya migomba ya Sekiete, mzee aliyefiwa na mke.

"Kateni," akasema. "Nitabaki na kijishamba changu cha maharage."

Migomba ikaanguka, naye akageuza uso.

Wakachimba, wakakuta mwamba. Kuuzunguka ni kuchelewa. Mbonea, mmoja wa wachimbaji, akauwashia moto mpaka ukaiva, kisha, chemchemi ikiwa mbali, akaenda kuchukua mitungi ya mwisho ya maji nyumbani kwake.

"Baba Namsifu!" mkewe akalia. "Watoto watakunywa nini?"

Akamwaga yote. Mwamba ukalia paa, ukapasuka. Watoto wake wakashinda na kiu.

Maji yakaja. Jamani, yalifika pale katikati yakagawanyika yenyewe, watu wakalia machozi!

Lakini mila ni mila. Maji ya siku ya kwanza huenda yote kwenye shamba moja, la yule aliyeleta mfereji. Na maharage ya hawa watatu yasingeiona kesho bila maji.

"Bila mimi mngekuwa bado mnabishana," akasema Nakijwa.

"Mwanangu, wewe uliona tu," akasema Sekiete. "Mimi nimekata chakula changu."

"Sisimizi walikuwepo siku zote, baba. Nani mwingine aliinama?"

"Na mwamba je?" akadakia Mbonea. "Sisimizi huupanda. Maji yangeupanda? Waulizeni wanangu nimetoa nini."

Mgawa maji, yule anayefungulia kila shamba zamu yake, akashika jembe, maji yanamfika magotini, yanasukuma tope alilozibia. Hakuweza kungoja tena.

Haya, nyie mnaotingisha vichwa kama mnajua, msinikwepe. Jembe liko mkononi mwako: utamfungulia nani, na wale wawili utawaambia nini?